Maisha ya Nusret Pezerović na Muhuri wa Agosti

Familia ya Pezerović inawashukuru nyote mliojaa katika ukumbi huu wa shule ya Vrbnica leo, Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, na inawaomba radhi kwa uchache wa viti, kwa kuwa hatukutegemea kwamba mtu aliyekataa hata kusimama mbele wakati wa kupiga picha ya timu angekuwa na watu wengi kiasi hiki. Historia hii imeandikwa na inasomwa na mdogo wake marehemu, Fuad, ambaye mnamfahamu kama katibu wa klabu yetu ya Jasen, na kwa kuwa katika kumbukumbu za vikao amezoea kujitaja kwa jina kama anavyowataja wengine, ndivyo atakavyojitaja na hapa, si kwa majivuno, bali kwa sababu akijaribu kusema kwa namna nyingine sauti haitamfikisha mwisho wa ukurasa.

Nusret alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, hapa Vrbnica, katika nyumba iliyo juu ya kinu cha zamani, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mehmed, fundi wa reli, na marehemu Hatidža, ambaye wengi wenu mmekula mkate wake. Fuad alizaliwa miaka minne baadaye, na baba yao alipofariki tarehe 3 Februari 1977, Nusret, akiwa hajatimiza hata miaka kumi na tatu, alivaa koti la baba lililomfika magotini, akaenda kupasua kuni za majira yote yaliyobaki ya baridi, na tangu siku hiyo Fuad hakuwahi kuamua jambo lolote kubwa bila kwanza kumwangalia kaka yake usoni.

Alisoma shule ya msingi katika jengo hili hili kuanzia mwaka 1971 hadi 1979, kisha akaenda shule ya ufundi mjini Zenica, akahitimu Juni 1982 kama fundi wa mashine za kupasulia mbao, akiwa na alama za wastani na maoni ya mwalimu yaliyosema kwamba ana akili ila anaangalia sana dirishani. Mama alipomuuliza huko dirishani kuna nini, alijibu, "Kuna uwanja, mama," na mama akasema basi angalau angechagua shule isiyo na madirisha.

Alijiunga na vijana wa Jasen mwaka 1976 na kuingia timu ya wakubwa Agosti 1982, akicheza kiungo wa kati, na tusidanganyane siku ya leo, sifa yake haikuwa mbio, kwani alikuwa mzito kuondoka kama lori la magogo asubuhi ya barafu, lakini kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshageuza shingo mara mbili kuona nani yuko wapi, na ukimfikia aliuwekea mguu juu, akatulia, mpaka mashabiki wakapandwa na presha. Wazee waliokaa upande wa mto walikuwa wakimpigia kelele, "Nusret, ukimaliza kunywa kahawa hapo katikati utuambie!" naye bila kugeuka alikuwa akiwajibu, "Agizeni na yenu, mpira unakwenda wenyewe," na kweli, ukishamtoka mguuni ulikwenda wenyewe, ukamkuta mtu mahali ambapo hata mwenyewe hakujua kwamba anapaswa kuwapo.

Baada ya jeshi la lazima, alilolitumikia Niš kati ya Septemba 1983 na Novemba 1984, alisajiliwa Januari 1985 na klabu moja ya daraja la pili mjini Zenica, akaichezea michezo 171, akafunga mabao 19, akapewa kadi nyekundu moja tu, ambayo alisema aliipata kwa kumshauri mwamuzi apumzike kidogo. Jumapili tarehe 6 Septemba 1987 alifunga ndoa na Sabira, binti wa mwalimu wa hesabu kutoka Kakanj, na kwa kuwa siku hiyo hiyo timu ilikuwa na mechi, alifika kwenye harusi yake akiwa na nywele mbichi, na bibi harusi akamwambia mbele ya wageni wote, "Mngeingia muda wa nyongeza ungekuta nimeshaolewa." Mungu aliwajalia watoto wawili, Dženeta, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1988, ambaye amesafiri jana kutoka ng'ambo, Västerås, pamoja na mumewe, na Mirnes, aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1991, ambaye mnapanda basi lake kila siku kwenda Zenica, na wajukuu watatu waliomfanya babu yao atambae sakafuni hadi suruali zikaisha magotini.

Machi 1992, akiwa na miaka ishirini na minane, umri ambao kiungo ndiyo kwanza anauelewa mpira, aliitwa kwa majaribio na klabu moja ya ng'ambo, ya mjini Graz, akakata tiketi ya basi la tarehe 11 Aprili, akapanga sanduku, na mnajua wenyewe mwezi ule, vita vilipoanza, mabasi yalikwenda wapi. Sanduku lilikaa nyuma ya mlango hadi Juni, ndipo Sabira alipolifungua ili atoe soksi za sufu za kumpelekea mstari wa mbele, na kwa karibu miaka minne kiungo yule hakucheza mechi yoyote isipokuwa za kwenye saruji, nyuma ya shule hii, siku ambazo mizinga ya vilimani ilinyamaza. Hakuwahi kulalamika kuhusu Graz, ila mara moja tu, akiangalia televisheni, alisema, "Huyu kiungo wao angekaa benchi kwa ajili yangu," kisha akaomba apitishiwe chumvi.

Amani iliporudi aliichezea Jasen misimu mitatu zaidi, hadi Mei 1999, akifanya kazi ya fundi katika kiwanda cha mbao kila kilipokuwa wazi, lakini kazi aliyoitiwa duniani aliianza tarehe 8 Juni 1997, wiki moja baada ya watu wa kutegua mabomu kututhibitishia kwamba uwanja ni salama, alipokusanya watoto kumi na mmoja na mipira miwili, mmoja kati yake ukiwa wa kikapu. Kwa miaka ishirini na saba aliwafundisha watoto zaidi ya mia nne, na sheria zake mnazijua, kwamba kila mtoto anayekuja mazoezini anacheza angalau nusu ya mechi hata kama tunafungwa, kwamba mtoto humsalimia mtunza uwanja kabla ya kumsalimia kocha, na kwamba wazazi hukaa nyuma ya goli la upande wa miti ya plamu, mbali kiasi cha kutosikika. Mwaka 2003 tulipofungwa tisa kwa bila, baba mmoja alivuka hadi kwenye benchi, akamwuliza, "Kocha, unafundisha mpira au ukarimu?" na Nusret akamjibu, "Vyote viwili, na bado hawajakijua hata kimoja, rudi kwenye plamu."

Sasa tunafika mahali ambapo katika historia za namna hii huandikwa kwamba marehemu alianza kusumbuliwa na afya, akatibiwa, Mungu akampenda zaidi, na Fuad angeweza kuandika hivyo hivyo, karatasi ingepokea, nanyi msingeuliza kitu. Lakini hapo ingekuwa ni kazi yake ile ile ya miaka yote, ya kuandika kisichokuwapo, na kaka yake hataingia kaburini na uongo mwingine wa mkono wake.

Kila mchezaji wa ligi yetu, mtoto au mkongwe, ana kijitabu, na katika kijitabu hicho kila miezi sita daktari huandika kwamba amempima na yuko sawa, akapiga muhuri, na bila muhuri huo mwamuzi hamruhusu kuingia uwanjani. Fuad alipokuwa katibu, Agosti 1998, alikuta foleni ya kituo cha afya ni ya siku nzima, watoto ni wengi na ligi inaanza Jumamosi, basi akafanya tunavyofanya sote hapa tunapotaka umeme, kiwanja au kitanda cha hospitali, akatafuta mtu wa kujuana naye. Alipata daktari mmoja, ambaye hatatajwa jina kwa kuwa atajisemea mwenyewe, akaweka vijitabu vyote kwenye mfuko mmoja na kipande cha nyama ya kukaushwa kwenye mfuko wa pili, akaenda kunywa naye kahawa. Daktari aliuliza, "Wote wazima?" Fuad akasema, "Wazima kama reli, daktari," na kabla kahawa haijapoa muhuri ulikuwa umeshagonga kijitabu cha mwisho.

Ikawa hivyo kila Agosti na kila Februari kwa miaka ishirini na sita, na hakuna aliyeona aibu, kinyume chake Fuad alisifiwa, watu wakasema huyu ndiye katibu, anajua kutengeneza mambo, na klabu za jirani zikaja kumwuliza anafanyaje. Mwaka 2011 mama mmoja, ambaye leo yumo humu ukumbini, alimwuliza kwa nini mwanawe ana muhuri na hajawahi kuvuliwa hata shati, na Fuad akamjibu mbele ya watu, "Dada, huyo anakula ćevapi kumi za nyama na mkate mzima, ugonjwa utapitia wapi?" watu wakacheka, na Fuad alirudi nyumbani akijiona mtu mcheshi. Nusret ndiye pekee aliyewahi kumkalisha chini, mwaka 2014, akamwambia, "Fuad, hawa watoto wanatakiwa waguswe na daktari, siyo waguswe na muhuri," na Fuad akamjibu, "Sawa, kaka, na Jumamosi utacheza na nani, na plamu?" Nusret alitikisa kichwa, akaenda kuwapanga watoto, na hakulisema tena.

Ni kweli kwamba mji mzima ulijua, lakini Fuad hakuja hapa kuugawa mzigo wake kwa mji mzima.

Tangu masika ya mwaka huu Nusret, ambaye alikuwa bado anacheza na maveterani, alianza kuchoka, akawa anaongoza mazoezi akiwa amekaa, na Sabira, aliyeliona hilo kabla ya sisi sote, alimpigania hadi akampatia nafasi kwa daktari wa moyo mjini Zenica, tarehe 9 Septemba. Jumatano tarehe 28 Agosti, saa kumi jioni, Fuad akiwa barazani kwake akichoma pilipili za kuweka kwa majira ya baridi, Nusret alipanda ngazi kumi na nne za nyumba ile, akasimama katikati akishika ukuta, kisha akafika na kukaa bila kuvua kofia. Akasema, "Mwaka huu kijitabu changu nitakipeleka mwenyewe, nataka wanipime kweli, kifua kinanibana nikipanda." Fuad hakuacha hata kugeuza pilipili, akamwambia, "Kifua hiki cha Pezerović? Baba alinyanyua mataruma ya reli na kifua hicho hicho. Ukienda pale bila kujuana utakaa kwenye benchi mpaka theluji ianguke. Lete hapa, kesho kinarudi na muhuri."

Nusret aliangalia pilipili, akatoa kijitabu mfukoni, akakiweka mezani, akasema, "Haya, wewe ndiye katibu." Hayo ndiyo maneno yake, na Fuad anayaandika kama yalivyosemwa, bila hasira, kama mtu aliyechoka anayemwachia mwenzake mlango. Kesho yake kijitabu kilirudi kikisema kwamba Nusret Pezerović, miaka sitini, amepimwa, moyo na mapafu viko sawa, anaruhusiwa kucheza.

Na kama lingeishia hapo, pengine Fuad angepata pa kujificha, lakini Nusret alikwenda na kijitabu kile nyumbani, akamwonyesha mkewe, akamwambia, "Soma mwenyewe, nimeandikwa mzima," na Sabira, ambaye hakujua mifuko ile miwili inakwenda wapi, kwa kuwa tulimficha yeye peke yake tukijua atapiga kelele, aliamini muhuri wa daktari kama mtu yeyote mwenye akili anavyouamini, akapiga simu Zenica na kuiachia nafasi ile kwa mgonjwa mwingine. Nusret alijua muhuri ule ulivyopatikana, lakini mtu akishaandikiwa uzima, hata akijua kalamu imeshikwa na nani, huanza kuuegemea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila Nusret hakuficha, alikuja akasema kwa mdomo wake, na aliyeyafunika ni mdogo wake.

Jumanne tarehe 15 Oktoba 2024, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, wakati wa mazoezi ya watoto wa chini ya miaka kumi na miwili, Nusret aliinuka kwenye benchi amwonyeshe mtoto namna ya kugeuza shingo kabla ya kupokea mpira, akageuza mara moja, akaanguka. Madaktari wa hospitali walimpigania kwa zaidi ya saa nzima, na saa moja na dakika tano usiku wakatuambia kwamba amefariki, na mmoja wao, kijana mpole, alieleza kwamba mishipa ya moyo ilikuwa imeziba kwa muda mrefu, akauliza kama marehemu aliwahi kupimwa hivi karibuni. Mirnes akajibu, "Alipimwa Agosti, tuna karatasi," na Fuad, aliyekuwa amesimama bega kwa bega naye, alinyamaza.

Alinyamaza hadi asubuhi ya jana. Alikwenda jikoni kwa Sabira kabla majirani hawajafika, akamweleza yote, ya ngazi, ya pilipili, ya mifuko, na Sabira alimsikiliza akiwa amesimama, akammiminia kahawa kwa kuwa katika nyumba ile hakuna anayekaa bila kahawa, kisha akamwambia, "Shemeji, kaseme mbele ya watu. Neno hili mimi peke yangu siliwezi, na watoto wa watu bado wanacheza na mihuri yako." Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe, akatoka, na Fuad hakuweza kuinywa kahawa ile.

Kwa hiyo ijulikane kwamba vijitabu sitini na kimoja vya watoto wa Jasen viko mezani karibu na mlango, vimepangwa kwa majina, na kurasa zote za Agosti zimepigwa mstari kwa wino mwekundu, kila mzazi achukue cha mwanawe anapotoka. Fuad ameiandikia ligi barua ya kueleza alichofanya tangu mwaka 1998, ameuacha ukatibu, na ameomba timu zote za watoto zisipangiwe mechi, wala Jumamosi hii wala nyingine, mpaka kila mtoto awe amevuliwa shati na kusikilizwa moyo. Kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi Mirnes atawapeleka kwa basi, kumi kumi, na foleni ikiwa ndefu tutakaa kwenye foleni. Maveterani nanyi, msijifanye mmeuzoea uchovu, mtapanda basi la Jumanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, ambao mikono yao haikuwa na haraka ya kumwacha, majirani waliochimba kaburi tangu alfajiri na kinamama walioleta pai za jibini na mchicha hadi tukakosa pa kuziweka, wenzake wa kiwanda cha mbao, wachezaji wenzake wa Zenica waliofika wakiwa na magongo, na watoto wale wa Jumanne, waliokimbia hadi barabarani bila viatu kuliongoza gari la wagonjwa. Watoto hao waambiwe leo na wazazi wao kwamba hawakuchelewa, aliyechelewa ni mtu mzima.

Baada ya sala ya alasiri, kabla hatujamwinua Nusret, imamu atawageukia na kuwauliza mara tatu, kama ilivyo desturi yetu, je, mnamhalalishia na kumsamehe marehemu yote yaliyopita kati yenu naye, nanyi tunawaomba mjibu kwa sauti kwamba mmemhalalishia. Fuad naye atajibu, mara zote tatu, ingawa anajua kwamba swali lake lilipaswa kuulizwa upande wa pili, na mtu pekee anayeweza kulijibu atakuwa amelala mbele yetu amefunikwa kitambaa cha kijani. Kaka, upumzike kwa amani, na usiharakishe kunisamehe.